Rose Bowl saa saba usiku: tathmini ya ukumbi mmoja wa Chikongola, Mtwara

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 2024 nililipa shilingi 2,000 kuingia katika ukumbi mdogo wa kuonyeshea mpira uliopo Chikongola, mjini Mtwara, ili nitazame mechi ya Rose Bowl kati ya Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Alabama. Kiingilio hicho ni mara mbili ya kile tunachotoa humo humo Simba na Yanga wanapokutana, na mechi yenyewe ilianza saa saba usiku kwa saa zetu, wakati kule Pasadena, California, ilikuwa saa nane mchana wa Mwaka Mpya. Tulikuwa watu wasiozidi thelathini, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kutazama futiboli ya Kimarekani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nianze na lile lililonifanya niandike, nalo ni ubao. Ukumbi una ubao mweusi wa kuandikia ratiba, na usiku huo kijana anayesimamia mitambo aliufuta wote, akachora kwa chaki mstatili mrefu, akaugawa kwa mistari ya yadi kumi kumi, kisha pembeni akaandika namba kuanzia moja hadi nne. Timu iliyokuwa na mpira ilipomaliza jaribio moja, alifuta namba moja kwa kidole gumba. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu alimuuliza kwa nini mara nyingine anafuta na mara nyingine anaziandika zote upya, naye akamjibu kwa utulivu: "Mjomba, wakisogea yadi kumi wanapata nne nyingine. Zikiisha hawajafika, mpira si wao tena." Nimesoma maelezo marefu ya mchezo huu na sikuelewa kama nilivyoelewa kwa kidole kile chenye vumbi la chaki.

Alieleza pia jina la mechi, jambo ambalo watangazaji hawakuligusa. Neno la pili katika Rose Bowl maana yake ni bakuli, kwa sababu ya umbo la uwanja uliojengwa mwaka 1922, ingawa mashindano yenyewe ni makongwe kuliko uwanja: mechi ya kwanza ilichezwa mwaka 1902, na Michigan hao hao waliifunga Stanford pointi 49 kwa 0. Safari hii mechi ilikuwa nusu fainali ya ubingwa wa taifa wa vyuo. Picha za angani zilipoonyesha majukwaa yaliyojaa watu zaidi ya 96,000, ukumbi wote ulinyamaza. Mimi ni mwalimu wa michezo, na ninakiri kwamba moyo uliniuma kidogo nilipokumbuka mechi za vyuo vyetu, ambazo watazamaji wake ni wanafunzi wenzao wachache waliosimama juani.

Picha ya runinga ni safi na sauti inasikika hadi mlangoni. Viti sivyo. Mabenchi hayana egemeo, na mechi ya aina hii huchukua karibu saa nne, kwa kuwa kila robo ni dakika 15 za saa inayosimamishwa mara kwa mara. Feni mbili hazitoshi kwa joto la Januari, na mlango ukiachwa wazi mbu wanaingia. Wakati wa mapumziko, Michigan wakiongoza 13 kwa 10, tuliuziwa chai ya tangawizi iliyokolea vizuri, chapati zilizopoa, na korosho za kukaanga ambazo sina neno la kuzilalamikia.

Kasoro kubwa ilikuja katika robo ya nne. Alabama walikuwa wamepindua matokeo na kuongoza 17 kwa 13 umeme ulipokatika. Jenereta iliwashwa haraka, lakini king'amuzi kilikawia kuwaka na kutafuta mawimbi, na picha iliporudi tulikuta Alabama wana pointi 20. Ule mpira uliopigwa kwa mguu kutoka yadi 52 na kuleta pointi tatu hatukuuona kabisa. Simlaumu mwenye ukumbi kwa umeme, ila namlaumu kwa kutokuwa na betri ya akiba ya king'amuzi na runinga, maana anatoza mara mbili ya kiingilio cha kawaida na anajua kwamba mechi ya usiku mmoja hairudiwi.

Tulichokiona baada ya hapo kilinifariji. Michigan walianzia yadi 75 kutoka mstari wa Alabama, na ikiwa imebaki dakika moja na nusu hivi J.J. McCarthy akampasia Roman Wilson, tachidauni, yaani mpira umefikishwa mwisho wa uwanja wa mpinzani, 20 kwa 20 baada ya mkwaju wa ziada. Katika muda wa nyongeza kila timu hupewa zamu yake kuanzia yadi 25 za mpinzani, na kijana wetu alichora mstari mpya ubaoni kabla watangazaji hawajamaliza kueleza. Blake Corum wa Michigan alihitaji mbio mbili tu kuufikisha mpira mwisho wa uwanja. Zamu ya Alabama ilipofika namba ya nne, wakiwa yadi tatu kutoka mstari, kijana alisimama na kidole juu ya chaki bila kufuta, na ukumbi mzima ukawa unatazama ubao na runinga kwa pamoja. Jalen Milroe alikimbia katikati, akazimwa palepale. Kidole kikashuka. Michigan 27, Alabama 20, na watu waliokuwa hawajui mchezo huu saa nne kabla walikuwa wamesimama juu ya mabenchi wakipiga kelele, wakijua sawasawa kilichotokea.

Huduma hiyo ya ubao ndiyo iliyonifanya nione shilingi 2,000 zimekwenda mahali pake, na ningeilipia tena hata kwa mabenchi yale yale. Atakayetaka kwenda msimu ujao afike mapema apate nafasi ya ukutani, ambako mgongo utapata pa kuegemea, na avae mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Usafiri wa kurudi usimtie hofu: tulipotoka, adhana ya alfajiri ikikaribia, tulikuta bajaji mbili ambazo mwenye ukumbi alikuwa amezungumza nazo tangu jioni, na madereva wake hawakuongeza nauli kwa sababu ya usiku.