Pikapu za SSL-1 kwenye gita langu la sebene, miezi mitano sasa

Nilipomwambia mke wangu nataka kubadilisha pikapu akaniuliza sisi tumekuwa na gari tangu lini. Ikabidi nitoe gita kwenye mfuko nimwonyeshe vile vidude vitatu vyeupe chini ya nyuzi vinavyonasa sauti yake, akavitazama, akauliza bei, nikabadilisha stori haraka sana.

Mimi niko Arua, Uganda, napiga solo kwenye bendi ya harusi na Jumapili niko kanisani, na huku kwetu Congo iko hapo tu, kama hujui sebene, ile sehemu ya muziki wa Congo ambapo gita linakimbia, hakuna atakayekuita kazini. Gita langu ni la umbo la Stratocaster ya Fender (Strat kwa kifupi), la bei ya chini, lenye pikapu tatu za koili moja moja, yaani kila pikapu ina fungu moja la waya uliozungushwa. Mbao ni nzuri, shingo haijapinda, lakini sauti sasa, nikipanda kwenye freti ya kumi na mbili kwenda juu inakuwa kama kijiko kinakwaruza sahani, nikipunguza treble kwenye ampu inageuka uji, noti hazitengani kabisa na sebene bila noti kutengana ni kelele tu.

Kosa la kwanza nililifanya Kampala. Muuzaji mmoja akaniambia hizi ni moto, zina pawa, elfu themanini seti nzima, na mimi nikasikia neno pawa nikatoa hela. Kurudi Arua nikafunga, kweli zilikuwa na nguvu, lakini nikipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) mwenzangu wa mi-solo, lile gita la pili linalojaza katikati, anapotea, nikipiga solo sauti imejaa katikati kama mtu anaongea na mafua. Fundi wangu wa redio akazigeuza akanionyesha, chini kuna bamba la sumaku ya seramiki limegandishwa, zile nguzo sita ndogo, moja chini ya kila uzi, ni chuma tu. Kwenye pikapu za aina ya zamani za Strat ile nguzo yenyewe ndiyo sumaku, aloi ya alnico. Sisemi seramiki ni mbaya, watu wa roki wanazipenda, ila kwa mkono wangu na kazi yangu hapana.

Alafu kuna hii habari ya omu, kipimo cha ukinzani wa waya kwa umeme. Kila mtu anauliza ina omu ngapi kama mtu anauliza injini ina cc ngapi. Fundi akanielewesha vizuri: ndani ya koili ya Strat kuna waya mwembamba kama unywele umezungushwa kama mara elfu nane. Ukizungusha zaidi, omu zinapanda, sauti inakuwa kubwa na ile treble ya juu inapungua. Lakini ukitumia waya mwembamba zaidi omu zinapanda pia hata kama hujaongeza mizunguko sana, kwa hiyo namba peke yake inaweza kukudanganya, lazima ujue sumaku ni gani na waya ni upi. Strat ya kawaida ya zamani inasoma kilo-omu kama sita hivi. Mimi nilikuwa nakimbilia kumi na kitu, na kumbe nilichokuwa natafuta kiko sita.

Basi nikabaki na majina mawili, Texas Special za Fender na SSL-1 za kampuni ya Seymour Duncan. Texas Special zimezungushwa zaidi, zina kifua, watu wa bluzi wanazitaka hizo. Nilizisikia kwenye gita la jamaa mmoja, nzuri kabisa, lakini mimi nina ampu ndogo na naomba usafi, sitaki kifua. SSL-1 ni alnico 5 (daraja moja la ile aloi), kilo-omu sita na nusu hivi, sauti ya Strat ya miaka ya 50. Shemeji yangu alikuwa Uingereza anarudi, akanitafutia seti iliyotumika, kwa hela yetu ikaja kama laki tano na nusu, ikasafiri ndani ya soksi zake mpaka Entebbe, ikapanda basi la usiku ikanifikia.

Kitu kimoja ukinunua iliyotumika, hakikisha ile ya katikati ni ile iliyozungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Hii nimeisisitiza kwa sababu ndiyo imeniokoa. Koili moja inanasa umeme wa hewani, mawimbi 50 kwa sekunde ya umeme wetu, ndio ule mmmmm mnaousikia. Ukiwasha mbili kwa pamoja na moja iko kinyume, uchafu wa huku unafuta uchafu wa kule na sauti ya nyuzi inabaki. Kwenye swichi ya kuchagua pikapu ni nafasi ya pili na ya nne. Harusini tukiwa kwenye jenereta, taa za tyubu juu ya kichwa, chaja za simu kumi kwenye ekstensheni moja na spika, banange, nafasi ya nne ndio nyumbani kwangu. (Na hizo nafasi za katikati Strat ya 1954 haikuwa nazo, swichi ilikuwa ya nafasi tatu, wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati kwa makusudi mpaka Fender wakaja kuweka ya nafasi tano mwaka 1977.) Ukibaki kwenye pikapu moja peke yake mlio upo palepale, usidanganyike. Asiyeutaka kabisa atafute zile zenye koili mbili zilizobebana ndani ya umbo lilelile, DiMarzio wanazo, Fender wanazo pia.

Kufunga kulichukua jioni mbili. Mashimo ya vifuniko vyangu vya zamani yalikataa, nafasi ya nguzo haikulingana, nikahangaika kupata vingine. Alafu fundi, umeme ulipokatika, akamalizia kwa tochi ya simu, akageuza waya mweupe na mweusi kwenye ile ya katikati. Nikajaribu nafasi ya nne, sauti nyembamba, ya puani, besi yote imekimbia. Nilitaka kulia nikajua shemeji kaniletea mbovu. Kumbe ni faza tu, yaani pikapu mbili zinavutana kinyume na kufutana sauti, akageuza waya mbili, dakika tano, tukacheka.

Sasa sauti. Ya shingoni na ya katikati pamoja, yaani kila noti ya sebene inasimama peke yake kama punje ya mchele uliopikwa vizuri, na mwenzangu wa mi-solo sasa anasikika, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema. Nikipunguza voliumu kidogo inasafika zaidi.

Kuna mambo mawili ya kuzoea. Nguzo zake hazilingani urefu, ya uzi wa tatu imesimama juu, kwa sababu enzi zile uzi wa tatu ulikuwa mnene wa kuzungushiwa waya. Mimi natumia uzi mtupu, kwa hiyo unaruka kelele kuliko wenzake. Hilo ni la nyuzi zangu, nimelipunguza kwa kuteremsha pikapu upande huo. Na usizipandishe karibu sana na nyuzi! Nilizipandisha nikidhani napata nguvu, sumaku ikawa inavuta uzi wa sita, ule mnene, ukipiga juu unasikia kama noti mbili zinagombana, nikarekebisha intonesheni (noti za juu zikae sawa na za chini) wiki nzima bila sababu. Bonyeza uzi freti ya mwisho, acha kama milimita mbili na nusu upande wa besi na mbili upande wa nyuzi nyembamba, anzia hapo, sikio limalizie. Kama hujawahi kucheza na urefu wa pikapu ulizonazo, anza na hilo kabla hujatoa hata shilingi, bisibisi ni bure.

Ile ya brijini, kule nyuzi zinakofungwa kwenye mwili wa gita, peke yake bado ni kali. Waya wa Strat wa kawaida haujaipa kitufe cha toni cha kupunguza ukali, vile vitufe viwili ni vya shingo na katikati, kwa hiyo inatoka yote bila breki. Dawa ni kipande kimoja cha waya pale kwenye swichi, kiunganishe na kitufe cha chini. Risasi ya kulehemu ninayo tayari, nasubiri umeme urudi.