Mashine ya kuendeshea seva ya Linux: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwalimu wa kompyuta wa shule moja ya sekondari alinipigia simu akiwa amekata tamaa. Ukurasa wa matokeo ulikuwa haufunguki, na alikuwa ameshinda siku mbili akifungua na kufunga mafaili ya nginx, programu inayotoa kurasa za tovuti. Nilipofika, nginx haikuwa na kosa lolote. Seva ilikuwa kompyuta ndogo ya bodi moja, isiyo na betri ya saa, imeunganishwa kwa Wi-Fi, na umeme ulikuwa umekatika usiku. Uliporudi, ruta iliipa anwani mpya. Saa ya seva nayo ilirudi nyuma, basi kila ilipojaribu kuwasiliana na nje kwa njia salama ikakataa vyeti vya usalama vya tovuti kwa kudhani tarehe yake haijafika.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Hitilafu nyingi za seva ninazoitiwa zilinunuliwa dukani pamoja na mashine. Ukinunua vizuri, linalobaki kutatua ni programu peke yake, na programu za chanzo huria hueleza makosa yao kwenye faili zao za kumbukumbu (logs) ukijua pa kusoma.

Anwani kwanza, mashine baadaye

Jiulize nani ataifungua tovuti hiyo. Kama ni watu wa mtandao mmoja wa ndani, yaani shule, zahanati au duka lenye matawi yaliyoungwa kwa waya, ruka sehemu hii. Kama ni watu wa nje, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako utazame anwani ya IP iliyopewa upande wa mtoa huduma, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuangalia IP. Zikitofautiana, uko nyuma ya ruta nyingine kubwa ya mtoa huduma, na anwani ya nje mnachangia na wateja wengi. Ukiona inaanzia 100.64 hadi 100.127, huna haja ya kuuliza zaidi: fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Intaneti ya laini ya simu karibu yote iko hivyo, na faiba ya nyumbani mara nyingi pia.

Katika hali hiyo hata ununue mashine ya mamilioni, mgeni wa nje hataifikia. Omba anwani ya kudumu kutoka kwa mtoa huduma, ambayo kwa kawaida huja na kifurushi cha biashara, au kodi seva ndogo ya nje, ambayo nimeiweka ya pili hapa chini. Watu huruka hatua hii kuliko nyingine zote, na ndiyo inayowagharimu zaidi.

Namba moja: kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika

Nazungumzia vile visanduku vya ukubwa wa kitabu kinene: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini. Makampuni ya nje huviuza kwa wingi yanapobadilisha vifaa, na huku kwetu vinapatikana Kariakoo ya Dar, Luthuli Avenue ya Nairobi na kwa wauzaji wengi wa kompyuta zilizotumika. Kwa seva ya tovuti, mfumo wa shule au hifadhi ya mafaili ya ofisi, sijaona kinachovishinda kwa hela hiyo.

Sababu ya kwanza ni umeme. Kikiwa kimetulia, kisanduku cha aina hii chenye prosesa ya herufi T mwishoni, kama i5-6500T au i5-8500T, hutumia takribani wati 10. Kwa mwezi ni kama uniti 7. Kompyuta kubwa ya mezani inayokula wati 50 itamaliza uniti 36 kwa kazi ileile, na hizo utazilipa kila mwezi.

Sababu ya pili ni tabia yake umeme ukirudi. Ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine unayoiingia kabla mfumo haujawaka, kuna mpangilio unaoamua mashine ifanye nini baada ya umeme kukatika. Kwenye Dell unaitwa "AC Recovery", kwenye Lenovo na HP "After Power Loss". Uweke kwenye kuwaka. Nimeona seva nzuri zikilala kimya kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumatatu asubuhi kwa sababu hakuna aliyegusa mpangilio huu, huku mwenye nazo akiamini mtandao ndio mbovu.

Sababu ya tatu, ambayo wauzaji hawaitaji, ni kadi ya mtandao. Pendelea Intel. Kwenye Dell, mfululizo wa 7000 kama OptiPlex 7050 kwa kawaida una kadi ya Intel, ule wa 3000 una ya Realtek. ThinkCentre M710q na EliteDesk 800 G3 zina Intel. Kwa Linux, Realtek ya gigabiti kwa kawaida inafanya kazi bila shida. Lakini kama unataka FreeBSD, mfumo mwingine wa chanzo huria, au pfSense na OPNsense, mifumo ya ruta na ukuta wa kinga iliyojengwa juu yake, dereva wa Realtek, yaani programu inayoendesha kadi hiyo, ana sifa ya kukwama mzigo ukizidi, na utatafuta kosa usiku kucha mahali ambapo halipo.

Chagua yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 au zaidi, RAM GB 8 na diski ya SSD. Chaja iwe yake halisi. Dell huitambua chaja kwa pini ya katikati, na isipoitambua hupunguza kasi ya prosesa. Utalaumu hifadhidata bure. Tazama pia kama chaja imo kwenye bei, kwa sababu wengine huuza kisanduku kitupu.

Jambo moja la kukumbuka ukihamisha SSD kutoka mashine ya zamani kwenda mpya: jina la kadi ya mtandao mara nyingi hubadilika. Siku hizi Linux haiiti tena eth0; huitwa kwa mahali ilipochomekwa, mfano enp0s31f6 kwenye hii na enp1s0 kwenye ile. Likibadilika, mipangilio ya zamani bado inataja jina la zamani, basi mashine itawaka vizuri na haitakuwa na mtandao. Andika `ip addr`, soma jina jipya, ulirekebishe kwenye faili la netplan kama Linux yako ni ya aina ya Ubuntu, au kwenye /etc/network/interfaces kama ni Debian. Ni kazi ya dakika mbili, ila asiyejua hurudisha mashine dukani.

Namba mbili: seva ya kukodi

Kama wageni wako wako nje na anwani yako ya nyumbani haifikiki, hii inapanda kuwa ya kwanza. DigitalOcean, Hetzner, Vultr na wengine hukodisha mashine pepe, yaani kipande cha kompyuta yao kubwa kinachofanya kazi kama seva kamili, kwa mwezi, yenye anwani ya umma tangu dakika ya kwanza. Umeme na kupozwa ni juu yao. Kwa malipo, kadi ya Visa ya mtandaoni inayojazwa kwa pesa ya simu inatosha, lakini ijaze mapema: ankara isipolipwa seva hufungwa, na baadaye hufutwa pamoja na kila kitu kilichomo.

Mahali seva ilipo pana uzito. Mtu wa Mwanza akifungua tovuti iliyoko Ujerumani, kila ombi linavuka bahari kwenda na kurudi. Mwezi Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, wengi Afrika Mashariki walikaa na intaneti ya kusuasua au bila kabisa, na mifumo ya ofisi iliyokuwa imewekwa ng'ambo ikawa haifikiki hata kwa mtu aliye chumba kimoja na mwenye nayo. Vultr na makampuni makubwa ya wingu yana vituo Afrika Kusini. Wapo pia wakodishaji wa ndani. Kwa mfumo wa wagonjwa au wa mauzo ya kila siku, mimi huweka seva hapahapa ofisini, ya kukodi ikabaki kuwa mlango wa nje tu. Zote mbili huungwa kwa WireGuard, programu ya kuunganisha mashine mbili kwa njia salama kupitia intaneti, ambayo tangu 2020 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe, na hapo tatizo la anwani ya kuchangia linaisha.

Hitilafu ya kawaida hapa ni kuta mbili za kinga (firewall). Unafungua poti 80 na 443, yaani milango ya tovuti, kwa ufw, programu ya ukuta iliyo ndani ya seva, ukurasa bado haufunguki, kumbe kuna ukuta mwingine kwenye jopo la mkodishaji. Soma ujumbe wa kosa. Ukiona "Connection refused", kwa kawaida umefika kwenye mashine ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo: andika `ss -tlnp` uone nani anasikiliza wapi. Ukingoja sana hadi "Connection timed out", pakiti zako zinamezwa njiani, nenda kwenye kuta. Tofauti hiyo moja imeniokolea saa nyingi kuliko programu yoyote. Na kabla hujawasha ufw, ruhusu kwanza SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, maana ukijifungia nje utaingilia dirisha la dharura la mkodishaji, kama analo.

Namba tatu: laptop ya zamani

Pengine unayo tayari, basi ni bure. Ina kioo na kibodi za kutafutia kosa mtandao ukigoma, na betri yake ni kinga umeme ukikatika. Kwa kujifunzia hakuna bora kuliko hii. Kwenye faili la logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunga kifuniko seva inalala.

Ninachoogopa ni betri. Ikiachwa kwenye chaja mwaka mzima chumbani kwenye joto la Dar au Mombasa inaweza kuvimba. Ikague kila mwezi, na ikianza kuinua kibodi itoe. Halafu laptop nyingi hazina mpangilio wa kujiwasha zenyewe: umeme ukichelewa hadi betri iishe, lazima mtu aende kubonyeza. Nyembamba nyingi za karibuni hazina tundu la waya wa mtandao, na seva ya Wi-Fi siishauri kwa mtu yeyote. Tumia adapta ya USB ya waya.

Namba nne: Raspberry Pi

Hii ni kompyuta ndogo ya bodi moja. Naipenda, na nimefundishia nayo. Lakini kama seva ya kazi inayotegemewa naiweka chini, hasa kwa sababu ya hesabu. Pi 5 ya GB 8 ilipotoka mwaka 2023 ilitangazwa kwa dola 80, na hiyo ni bodi tupu. Ongeza chaja yake ya wati 27, kasha, kipozaji, hifadhi, usafiri na faida ya muuzaji wa huku, umefika kwenye bei ya kisanduku cha ofisini chenye vyote. Kadi ya SD nayo haivumilii kuandikwa kila sekunde na umeme kukatwa ghafla, mafaili huharibika. Kama lazima ununue Pi, nunua ya 5: ina saa ya ndani, ingawa betri yake huuzwa peke yake, na inakubali SSD ya NVMe kupitia kibao cha ziada. Pi 4 haina saa kabisa. Pi 3B+ mtandao wake wa waya unapita kwenye USB 2.0, hauvuki takribani megabiti 300 kwa sekunde.

Seva kubwa za raki zilizotumika hata kama unapewa kwa bei ya chee, ziache. Zinapiga kelele na zinakula umeme mchana na usiku.

Waya na ruta

Usibane hela hapa. Waya nyingi za bei ndogo ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika ndani zikikunjwa. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Unyuzi mmoja ukikatika, mara nyingi mashine hushuka hadi megabiti 100 bila kusema. `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi itakuonyesha kasi halisi. Nunua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu.

Ruta iwe na uwezo wa kuhifadhia mashine anwani moja ya kudumu na kuelekeza poti. Ukiona tovuti inafunguka kwa bando la simu lakini haifunguki ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini kwa jina lilelile, seva ni nzima. Ruta haiwezi kuwarudisha watu wa ndani kwa anwani ya nje. Baadhi zina mpangilio wa kuliruhusu. Kama yako haina, fanya jina hilo lielekeze kwenye anwani ya ndani kwa watu wa ndani.

Kabla ya kulipa

Nenda dukani na flashi yenye Debian 12 au toleo jipya zaidi, ile picha ya mfumo (live image) inayowaka bila kusakinishwa. Tangu toleo la 12, la Juni 2023, picha rasmi za Debian zinakuja na programu ndogo za kuendeshea kadi nyingi (firmware) ambazo zamani ulizitafuta mwenyewe. Beba pia waya wako wa mtandao. Washa mashine kwa flashi, chomeka waya kwenye ruta ya duka, andika `ip addr` uone kama imepewa anwani, kisha `lspci` usome jina la kadi. Ingia BIOS, weka ule mpangilio wa umeme, halafu chomoa waya wa umeme ukutani mashine ikiwa inawaka. Hesabu hadi kumi, uchomeke tena, usiguse kitufe. Ikiwaka yenyewe, mwambie muuzaji akuandikie risiti.