Chakula cha Krismasi Moshi: upike peke yako au mgawane?

Ndugu wakishapanda kutoka Dar, anayeumia ni mwenye nyumba.

Ukipika mwenyewe, ladha na muda viko mikononi mwako. Lakini utaamka alfajiri kumenya ndizi za mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), na wageni wakifika unanuka kuni na umenuna. Gharama nazo zako peke yako, na bei za sokoni Mbuyuni wiki ya sikukuu hazina huruma.

Mkigawana, shangazi alete machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), wifi pilau, mashemeji wabebe soda na bia (hawatalalamika). Ila taja chakula kwa jina, na cha watu wangapi. Ukisema "njooni na chochote", kila nyumba italeta chapati. Waambie pia walete kwenye sufuria, ili ubandike jikoni moja kwa moja bila kuhamisha vyombo. Mtori tu upikwe hapo hapo: ukipoa unaganda, na kuupasha bila kuunguza chini ni kazi.

Mimi nachagua kugawana, isipokuwa mbuzi. Huyo achinjwe na kuchomwa nyumbani, wanaume nao wapate la kufanya tangu asubuhi.