Sipap inasaidia kweli, ila kuhusu tumbo kujaa upepo muulizeni muuzaji mapema

Kama umeandikiwa sipap (CPAP, mashine inayokupulizia hewa kwa maski ukilala ili pumzi isikatike) au una mzee nyumbani anakoroma mpaka anakata pumzi, soma hapa kabla hujatoa hela.

Mi niko Shangani, Mtwara. Vipimo vya usingizi nilifanyia Dar, mashine ikaja kwa basi na muuzaji akanielekeza kwa simu, maski inavaliwaje, maji yanawekwa wapi, bomba linaoshwaje, basi. Na kazi inafanya, hilo sibishi, kichwa kilichokuwa kinaniuma kila asubuhi kimeacha, kusinzia mchana kazini hakuna tena, mke wangu naye analala sasa.

Shida ni tumbo jamani. Naamka alfajiri limekaza kama mpira umejazwa upepo, msuli haufungiki, nacheua mfululizo mpaka naona aibu kuingia msikitini, na kuna maumivu yanachoma chini ya mbavu upande wa kushoto, siku ya kwanza nilijua ni moyo nikakimbilia hospitali. Moyo mzima. Nikampigia muuzaji, jibu lake "utazoea kaka". Hapo ndo nilipokasirika, maana hili ni jambo linalojulikana kwa watumiaji wa hizi mashine, mtu anayeziuza alitakiwa aniambie siku ile ile.

Daktari ndo alinielewesha. Sipap inasukuma hewa kooni ili njia ya pumzi isijifunge ukilala, sasa presha ikizidi, hewa nyingine inapenya njia ya chakula inashuka tumboni, na wenye kiungulia kama mimi inawapata zaidi. Hizi mashine presha yake inaanzia 4 mpaka 20 (kipimo chake ni sentimita za maji), yangu ilifungwa kwenye 12 usiku kucha. Akaibadilisha iwe inajipandisha na kujishusha yenyewe kulingana na pumzi, akawasha na ile ya kuanza taratibu wakati usingizi haujakukolea, na ya kupunguza presha ukitoa pumzi. Akaniambia nilalie ubavu wa kushoto, mto uinuke, na usiku nisile vizito, kwa hiyo ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku kwetu, sasa naila mchana. Tumbo limepungua sana, siku moja moja bado linajaa ila linaisha nikishatembea kidogo. Usijibadilishie presha mwenyewe, ukishusha sana unarudi kulekule kwenye kukata pumzi, na maumivu ya kifua usiyafanye ya upepo kabla hujapimwa.

Maski nayo uiangalie. Ya kwangu ya pua, nikiachama usiku hewa inatokea mdomoni naamka ulimi umekauka umeganda juu, na nilikuwa naikaza mpaka ikanichubua mfupa wa pua. Kumbe ukikaza sana ndo inavuja zaidi, inatakiwa uivae umelala, mashine inapuliza, ndo uweke mikanda sawa. Pua ikiziba ndo unaachama, na sisi wa huku msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho kila kitu kina vumbi, chujio la mashine likague mara kwa mara, likiwa na rangi badilisha.

Feni usiielekeze kwenye bomba la mashine, mvuke wa maji ya kitanki unapoa unakuwa maji unaamka yanakudondokea puani. Maji ya kuweka ni yale yaliyosafishwa kwa mvuke, ya bombani nyumbani yanaacha ukoko mweupe ndani ya kitanki.

Mashine naipa nyota 4, huduma ya muuzaji 2. Ukinunua muulize kabisa nani atakurekebishia presha ukiwa mbali na Dar, na uagize maski na chujio za akiba siku hiyo hiyo, mi huwa nasubiri basi na mpira wa maski ukishachanika hulali.