Bimu zao safi, ila karatasi zilinitoa roho

"Chuma ni chuma bosi, kwani jengo linasoma karatasi?" Hilo ndo jibu nililopewa na jamaa wa mauzo wa kampuni iliyoniuzia chuma, na mpaka leo nikilikumbuka damu inachemka.

Kisa chenyewe. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa na kazi ya kaghorofa ka fremu ya chuma, nikaagiza nguzo na bimu za S355J2 (hilo ni daraja la chuma cha ujenzi, 355 ni nguvu yake na J2 ni uhimilivu wake kwenye baridi), na kwenye oda nikaandika kabisa kwa herufi kubwa kwamba nataka cheti cha 3.1. Mzigo ulifika kwa wakati, bimu zimenyooka, kutu ya kawaida tu, hapo sina neno. Balaa lilikuwa kwenye bahasha aliyokuja nayo dereva. Nafungua nakuta karatasi moja yenye muhuri mzuri wa bluu, inasema bidhaa zinalingana na oda. Basi, hakuna kipimo hata kimoja. Hiyo ndo inaitwa 2.1, ni sawa na fundi cherehani akuandikie barua kwamba suruali itakutosha. 3.1 ni habari nyingine kabisa, ile inakuja na majibu ya vipimo, kaboni kiasi gani, manganizi kiasi gani, kilivutwa mpaka wapi ndo kikaanza kulegea, kilipigwa nyundo kikiwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kikahimili jouli ngapi maana J2 inataka 27, na anayesaini ni mkaguzi wa kiwanda ambaye hayuko chini ya wale wanaozalisha.

Nikapiga simu, wakasema kesho. Kesho yake wakasema kesho. Siku sijui ya ngapi ikaingia PDF kwenye WhatsApp, 3.1 kweli, nikafurahi kama mtoto nikamrushia injinia mshauri. Yule mama hana utani. Akaniuliza kitu kimoja tu, hiti namba iliyogongwa kwenye chuma ni ipi?

Nikachukua brashi ya waya nikapanda mwenyewe juu ya rundo, nikasugua rangi pale mwisho wa bimu, vumbi la kutu lote puani, nikamulika tochi kwa ubavu ndo tarakimu zikajitokeza. Ya chuma inaishia 417. Ya cheti inaishia 471. Nikasema labda macho yangu, nikamwita mchomeleaji asome, naye akasoma 417. Nikasugua ya pili, ya tatu, zote 417. Kwa wasiojua, chuma kinayeyushwa kwa mikupuo, na kila mkupuo kiwanda kinaupa namba yake, hiyo ndo hiti namba, na vipimo vya kwenye cheti ni vya mkupuo huo tu. Namba zikipishana basi umeshika cheti cha chuma cha mtu mwingine, hata kama vyote vimetoka kiwanda kimoja wiki moja.

Ndo nikapiga simu nikapewa lile jibu la jengo kusoma. Tena anacheka. Nikamwambia kaka, injinia hasaini, wachomeleaji wangu wamekalia mifuko ya saruji wanacheza karata na siku inahesabika. Akasema, "Sasa huyo injinia wako si uongee naye vizuri, unanielewa lakini?" Nilimuelewa sana. Nikakata simu.

Ikabidi tukate vipande kwenye flanji, yale mabapa ya juu na chini ya bimu, tupeleke maabara, hela yangu mwenyewe. Majibu ya kuvutwa mpaka kulegea yakaja, kwa megapaskali, cha kwanza 368, cha pili 372, cha tatu 351. Nikashika kichwa, 351 si iko chini ya 355? Injinia akanicheka, akasema ile 355 ni ya unene mpaka milimita 16, flanji zako zina 20, na ukishavuka 16 mpaka 40 kinachotakiwa ni 345. Kumbe vimepita vyote! Na kile cha nyundo na baridi nacho kikapita bila shida.

Kusema ukweli hapo hasira ikashuka, nikaanza kujiambia labda nimewaonea, chuma chao si ndo hiki kizuri, nyota nne wanastahili. Halafu kesho yake, au keshokutwa, kijana wa stoo kwao akanipigia, sijui namba yangu aliipata wapi: "Shikamoo bosi, nimesikia unatafuta cheti cha 417? Mbona kipo kwenye faili hapa tangu mzigo uingie." Dakika tano tu akanitumia. Namba inalingana, ukubwa wa bimu unalingana, kila kitu. Yaani nimelipa maabara, nimelipa watu kucheza karata, na karatasi iko hatua chache kutoka kwenye kiti cha yule jamaa, ila yeye aliona afadhali anitumie ya 471 kuliko anyanyuke. Kijana wa stoo kama unasoma hapa, Mungu akuweke, wewe nyota tano peke yako.

Sasa niwaambie mnunue au msinunue? Kama injinia wako siyo msumbufu wa makaratasi nenda tu, bimu ni nzuri. Hapana, nafuta hiyo. Kama injinia wako siyo msumbufu ndo usikanyage kabisa, maana mimi yangu ilitoka 417 nzuri, wewe utajuaje yako ni ipi wakikupa cheti cha jirani? Ila ukienda, omba kuongea na stoo, mauzo usiwapigie.

Nilitaka kuacha nyota tatu. Jana wamenitumia invoisi ya mwisho, naisoma mpaka chini nakuta mstari umeandikwa "huduma ya nyaraka", na wamenitoza.

Nyota moja.