Dola 60 nazitazama tu, siwezi kuzigusa

Hii pochi, yaani programu ya simu ya kuwekea sarafu za kidijitali, sijui niipe nyota ngapi. Wiki chache zilizopita ningeipa sufuri, na tusi juu yake.

Niko Kondele, Kisumu, kazi yangu ni kusikiliza mahojiano ya watu na kuyaandika. Mteja mmoja wa ng'ambo hulipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Nikanakili anwani yangu ya kupokelea kwenye ukurasa wa Ethereum, mmoja wa mitandao ya kupitishia sarafu hizi, ile inayoanza na 0x, nikamtumia. Jioni akasema tayari, dola 60. Nafungua: sufuri. Nazima simu, nawasha: sufuri. Na mwenye nyumba anapiga.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Siku mbili kimya, halafu mstari mmoja: "Tafadhali soma mwongozo." Hata hujambo hakuna! Nikamwaga hasira kwenye kundi la Telegram. Dakika tano hazijaisha, "msaidizi" mmoja mpole ajabu akaniandikia pembeni, ananiita mpendwa, anataka yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi ili "aunganishe upya". Nilishaandika manne. Manne! Binamu yangu akanipokonya simu kabla sijabonyeza kutuma. Aliye na maneno hayo ndiye mwenye pesa, akaniambia, na huyu mpendwa wako analijua hilo kukushinda.

Binamu ndiye aliyegundua shida. Mteja alitumia mtandao mwingine, wa BNB, kwa kuwa ada yake ni nafuu. Anwani ni ileile ya 0x, ila programu huuficha mtandao huo mpaka uuwashe kwenye mipangilio. Tukauwasha. Dola 60 hizo hapo, zimekaa tangu jioni ile.

Haya, nitoe? "Huna BNB ya kulipia ada." Kumbe mtandao huo hulipwa ada kwa sarafu yake wenyewe, BNB. Ada yenyewe haifiki bei ya chapati mbili, lakini USDT hazikubaliki kuilipa. Pesa zangu nazitazama kama samaki ngege kwenye kabati la kioo hotelini. Binamu akanirushia BNB kidogo, dola zangu zikatoka.

Siku hizi namtajia mteja mtandao kwa jina, naye anatuma dola moja kwanza.

Nyota nne, maana hakuna kilichopotea. La, mbili, kwa ule mstari wao wa dharau. Ingawa jana nimeusoma huo mwongozo, na jambo la kuwasha mtandao limo, tena juu kabisa. Tatu basi, ila wajifunze kusalimia.