Kambi ya Sungura na wazazi: hema bondeni, ukumbi umefungwa

Bei na ratiba siandiki. Vyote viko kwenye tangazo la kampuni iliyoandaa kambi hii, na tangazo lenyewe ni zuri kuliko kambi. Naandika kuhusu mahema, na kuhusu maneno niliyoambiwa usiku wa manane mvua ikimwagika na watoto wa miaka saba wamesimama ndani ya maji: "Madam, hii ni kambi, si hoteli."

Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, mvua za vuli bado hazijaisha. Kambi ya skauti wadogo, Sungura, pamoja na familia zao. Kampuni inakupa hema, magodoro, chakula na wasimamizi; wewe unakuja na mtoto na blanketi. Mahali penyewe ni upande wa kusini wa jiji, kwenye udongo mweusi, na anayeijua Nairobi ameshaelewa. Udongo mwekundu wa Karen au Runda hunywa maji. Huu mweusi ukilowa huvimba na kujiziba, maji yakabaki juu yakitafuta pa kwenda. Kwenye udongo wa namna hii, kuchagua pa kusimamisha hema ndiyo kazi yenyewe. Yanayobaki ni mapambo.

Wao walichagua bondeni, eti kwa sababu nyasi za pale zilikuwa za kijani na laini. Jamani, zilikuwa za kijani kwa sababu maji hukusanyika pale! Hilo Sungura mwenye wiki mbili kundini analijua. Mwendo mfupi tu kwenda juu kulikuwa na mteremko mdogo, nyasi kavu zinazochomachoma kidogo, hakuna mti mkubwa juu yake wa kuangusha matawi. Pazuri kabisa. Ila picha zisingependeza.

Tulipofika, mahema yalikuwa yamesimama tayari, yamepangwa safu moja iliyonyooka. Kwa mbali unavutiwa. Ukikaribia unaanza kuhesabu makosa.

Anza na turubai la chini. Lilikuwa kubwa kuliko sakafu ya hema, linachomoza kila upande kiasi cha kiganja. Turubai likichomoza hivyo linakuwa sinia: linapokea mvua yote inayoteremka ukutani na kuipeleka moja kwa moja chini ya godoro. Dawa ni kukunja kingo ziingie chini, mpaka ukisimama nje usilione hata kidogo. Kazi ya dakika mbili kwa kila hema.

Vigingi navyo vilipigwa wima. Kigingi hupigwa kikiwa kimeinama nyuzi 45 hivi, kichwa kikielekea mbali na hema na ncha ikiingia chini kuelekea hema, hadi kibaki juu kiasi cha kushika kamba tu. Udongo mweusi ukiwa mkavu utakudanganya: unapiga kigingi wima na unahisi umekipiga kwenye saruji. Mvua ya nusu saa, udongo umelainika, kamba inavuta, kigingi kinachomoka bila kelele.

Halafu kamba. Walifunga zile nne za pembeni, za katikati wakaziacha zinaning'inia. Hema la tabaka mbili lina kanuni moja: la nje lisiguse la ndani. Lazima pawe na nafasi, walau upana wa kiganja, kila mahali. Tabaka la nje linazuia mvua, la ndani linapitisha pumzi. Zikigusana tu, maji yanapita. Kamba za katikati ndizo zinazotunza nafasi hiyo, na ndizo walizoziona hazina kazi. Tena nailoni ikilowa inalegea. Hema lililokazwa saa kumi jioni lazima likazwe upya kabla ya kulala, na mara nyingine mvua ikianza. Hakuna msimamizi aliyepita na tochi.

Matundu ya hewa walikuwa wameyafunga "ili mvua isiingie". Matundu yale yana kofia yake, huachwa wazi hata mvua ikinyesha. Watu wanne wakipumua usiku kucha ndani ya hema lililozibwa, pumzi yao inageuka maji darini, asubuhi yanadondoka usoni, na mzazi anaapa kwamba hema limetoboka. Na milango! Yote ilitazama mashariki, ambako ndiko upepo wa Nairobi hutoka kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hema hupewa mgongo kule upepo unakotoka. Sababu waliyotupa ni kwamba watoto waone jua likichomoza.

Nilimweleza msimamizi haya yote mchana, kwa utaratibu, nikimwonyesha kwa mkono. Akacheka. Akasema mvua imeshapungua siku hizi. Basi tukarekebisha letu wenyewe: turubai tukalikunja, vigingi tukavipiga upya, kamba za katikati tukazifunga, matundu tukayafungua. Niseme haki: kutoka juu hema letu halikuvuja hata tone. Maji yaliingia kwa chini. Kila kitu kwenye hema unaweza kukitengeneza isipokuwa bonde. Wengine waliuliza kwa nini hatukuchimba mtaro kulizunguka. Kwenye udongo ule mtaro unajaa na kukaa umejaa, na unamwachia mwenye uwanja jeraha. Hema huhamishwa. Nasi tulikatazwa kuhama kwa kuwa "mpangilio utaharibika".

Mvua ilianza karibu na saa sita usiku. Kufikia saa saba godoro letu lilikuwa limekunywa. Yale magodoro ya sponji nyembamba hayafai hata siku kavu, kwa sababu uzito wa mwili unayabonyeza mpaka unalalia ardhi, na baridi ya kambini hutoka chini zaidi kuliko juu. Ukiwa na blanketi mbili, moja ya chini, moja ya juu. Magodoro yenyewe yakilowa, basi tena.

Sasa sikieni. Hapo hapo uwanjani kuna ukumbi. Una paa la mabati na sakafu ya saruji kavu. Umefungwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni kwa msimamizi. Tulikwenda kumwomba aufungue, watoto wanatetemeka. Jibu la kwanza: "Ukumbi haumo kwenye malipo yenu." Jibu la pili ndilo lile la hoteli. Akaongeza kwamba skauti haogopi mvua.

Skauti haogopi mvua kwa sababu amejifunza kubaki mkavu! Mtoto mdogo hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na nguo mbichi huharakisha. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, usiku wa mvua si wa mchezo. Mtoto akianza kutetemeka hakuna mjadala. Unamvua nguo zote mbichi, unamkausha kwa taulo, unamvika kavu kuanzia soksi na kofia, unampa chai ya moto yenye sukari, unamweka na mwenzake chini ya blanketi moja, mahali pakavu. Mahali pakavu palikuwepo. Palikuwa na kufuli.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, kijana mmoja wa kampuni akaja na jiko la makaa linalowaka, akitaka kuliingiza ndani ya hema moja "liwapashe". Alikuwa na nia njema, najua. Lakini makaa ndani ya hema lililofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Wazazi wawili walimzuia mlangoni. Mtu aliyefunzwa kusimamia kambi ya watoto angekuwa ameambiwa hili siku ya kwanza.

Aliyetuokoa ni mlinzi wa usiku wa uwanja, mzee ambaye si wa kampuni kabisa. Alikuwa na ufunguo wake. Alifungua, akasema, "Ingizeni watoto, mambo ya malipo mtaongea kesho." Asubuhi nilimsikia msimamizi akimfokea.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeamua nyota moja, na kama mfumo ungeruhusu, sifuri. Lakini kuna jambo linanizuia, na si haki nilinyamazie.

Kuna kijana wao, Jasiri, aliyeongoza alama za njia siku ya kwanza mchana. Sijaona mtu anayelifanya vizuri namna ile na watoto wadogo. Alitangulia peke yake kuweka alama, zote upande wa kulia wa njia na zote chini ya goti la mtoto, maana mtoto wa miaka saba hatazami juu. Mwanzoni aliziweka karibu karibu, kama hatua kumi kati ya moja na nyingine, ili wapate mazoea na kuamini macho yao. Baadaye thelathini, na zaidi. Mshale wa vijiti. Jiwe dogo juu ya kubwa: njia ni hii. La tatu likiwekwa kando kushoto: pinda kushoto. Fungu la nyasi lililofungwa fundo, kichwa kikiinama upande wa kugeukia. Vijiti viwili vilivyopishana: usipite hapa. Hakutumia majani makavu, ambayo upepo unayapeperusha, wala chaki kwenye mti, ambayo manyunyu yanaifuta. Wazazi tuliamriwa kutembea nyuma na kufunga midomo, na aliyemnong'oneza mwanawe alirudishwa mwisho wa msafara. Kundi la mwisho lilibomoa alama zote likipita, ili zisije zikampoteza mwingine.

Mwisho wa njia kulikuwa na duara la mawe lenye jiwe moja katikati: nimekwenda nyumbani. Akawaeleza kwamba alama hiyo ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941, na kwamba maskauti huenda pale kila Februari karibu na tarehe 22, siku aliyozaliwa. Kimya kikawapata wale watoto, wale wale waliokuwa wakirushiana matunda ya msituni dakika tano kabla. Wangu sasa anaweka alama kutoka mlangoni hadi jikoni.

Kwa hiyo nyota mbili. Labda tatu, maana ndengu za jioni ile zilikuwa tamu na mpishi aliwapakulia watoto kwanza.

Hapana, mbili. Nikikumbuka chai ya asubuhi inanipanda. Ilinuka moshi kwa sababu kuni ziliachwa nje usiku kucha bila kufunikwa, na kuni mbichi hazitoi moto, zinatoa machozi. Hivi ni kazi kubwa kweli kutupia turubai juu ya kuni ukiona wingu? Vyoo viwili kwa familia karibu ishirini, na kimoja hakina taa. Na beji walizogawa mwisho gundi yake iliachia kabla hatujafika barabarani.

Kama bado unataka kwenda nao, uliza haya kabla hujagusa M-Pesa, na utake jibu kwa maandishi. Hema zitasimama wapi, juu au bondeni? Nani atazisimamisha, na unaruhusiwa kuhamisha lako? Ukumbi utafunguliwa mvua ikinyesha? Nani analala kambini usiku, na ufunguo unabaki kwa nani? Nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza, na gari la dharura liko wapi? Wakikujibu kwa picha za nyasi, rudisha simu mfukoni. Na hata wakikujibu vizuri, beba turubai la ziada, kamba ya mita kumi, vigingi sita vya chuma na mfuko wa plastiki wenye nguo kavu kamili za mtoto ambazo hazivaliwi kabisa mpaka wakati wa kulala. Gambuti zilale ndani ya hema, zimefungwa kwenye mfuko, si nje mlangoni ambako zitajaa maji au siafu.

Niliandika kuomba nirudishiwe nusu ya pesa. Walichukua muda mrefu, kisha wakanitumia vocha ya kambi ijayo. Kambi ijayo ni Aprili. Aprili, katikati ya masika!

Juzi wakapiga simu kuuliza kama nitaitumia. Msichana aliyepiga alikuwa mpole mno, nikajikuta nimelainika. Nilikuwa tayari kuacha nyota mbili zikae. Nikamuuliza tu kama ukumbi sasa umo kwenye malipo. Akasema hilo analijua msimamizi wa kambi, akaniomba nisubiri, akaniunganisha. Ni yuleyule. Hata salamu hakunipa, akaanza na "Madam, wewe ndiye yule wa ukumbi?"

Nyota moja.